Daraja Litulie au Licheze?

Kijana wa Ukunda anayedunduliza pesa za gitaa lake la kwanza la umeme hukumbana na swali gumu kabla hajafika kwenye bei. Daraja la gitaa hilo, kile kipande kinachoshika nyuzi, liwe la aina gani? Liwe lile lililokazwa kwa skrubu kifuani mwa gitaa likatulia moja kwa moja, au la tremolo, linaloinama na kuinuka mpigaji anapobonyeza mkono mwembamba wa chuma? Muuzaji atamwambia yote mawili ni mazuri. Rafiki yake atamshauri achukue lenye mkono, maana lina mambo mengi. Mzee aliyezeekea kwenye bendi atatikisa kichwa.

Swali hili si la mapambo. Kuanzia Diani hadi Msambweni, gitaa ni kazi. Hoteli za Pwani zimelisha bendi kwa miongo kadhaa, na baadhi ya nyimbo zinazoitambulisha Kenya duniani zilizaliwa katika kazi hiyo ya kuwapigia wageni. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni mfano anaoujua kila mtu. Mombasa Roots nao waliichukua ngoma ya chakacha wakaitia kwenye vyombo vya umeme, ikachezwa na watalii na wenyeji vilevile. Mpigaji wa bendi kama hizo hukaa jukwaani saa nyingi usiku mmoja, hatua chache kutoka baharini, na kesho yake hurudi palepale na gitaa lilelile.

Ili kila hoja isikike, makala haya yanaziketisha sauti nne kwenye baraza moja pale Bongwe, kilomita chache kutoka ufuo wa Diani. Hazina majina, kwa kuwa kila moja ni sauti ya watu wengi. Yuko Mzee, mpigaji rithimu wa bendi za hoteli. Yuko Kijana, anayepiga solo na kujifunza kwa video za intaneti. Yuko Fundi seremala, ambaye watu humletea magitaa yaliyoharibika. Na yuko Mwimbaji wa taarab za harusini, ambaye hashiki gitaa lakini ndiye wa kwanza kusikia likipotea tuni.

Fundi ndiye anayefungua. "Kabla hamjashikana mashati, tujue kwanza tunabishania nini. Nyuzi sita za kipimo cha 10 zikitiwa tuni ya kawaida zinalivuta daraja kwa nguvu ya kilo 46 hivi. Ni kama kuning'iniza mfuko wa saruji. Daraja lililokazwa linaupeleka mzigo wote kwenye ubao, na ubao hausogei. La tremolo limeshikiliwa kwa mbele tu, na skrubu sita au nguzo mbili. Kinacholizuia lising'oke ni springi zilizofichwa mgongoni mwa gitaa, tatu, nne au tano. Nyuzi zinavuta huku, springi zinavuta kule. Tuni iko pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Ukibonyeza mkono, nyuzi zinalegea na sauti inashuka. Ukiuachia, springi zinarudisha kila kitu mahali pake. Au zinajaribu."

"Hapo hapo!" Mzee anadakia. "Zinajaribu. Mimi, Fundi, sikuwa nalipwa kwa kujaribu."

Hoja ya kwanza ya Mzee inahusu kiganja. Muziki wa dansi wa Afrika Mashariki umejengwa juu ya magitaa yanayoitikiana: solo, solo ya pili, rithimu na besi. Ndivyo walivyopiga Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, iliyoanzia Mombasa mwaka 1971. Ndivyo walivyopiga pia Les Wanyika, waliojitenga na bendi hiyo mwaka 1978 na kutamba kwa "Sina Makosa", wimbo ambao rithimu ya Omar Shabani ndani yake hadi leo ni somo kwa vijana. Mara nyingi rithimu ya namna hiyo hutaka sauti fupi na kavu. Mpigaji huipata kwa kulaza ukingo wa kiganja cha mkono wa kulia pale nyuzi zinapogusa daraja.

"Sasa laza kiganja chako juu ya tremolo inayoelea, isiyolala juu ya ubao," Mzee anaendelea. "Unalikandamiza daraja kwa nyuma, nyuzi zinakazika, sauti zote sita zinapanda. Si kwa wingi, lakini za kutosha. Wewe unaona uko sawa. Mwenzako wa solo, aliyetia tuni vizuri, ndiye anayeonekana hajui kazi."

Ana hoja ya pili, nayo ni ya solo. Wapigaji solo wa huku, kama wenzao wa Kongo, hupenda kupiga nyuzi mbili kwa pamoja, sauti moja ikiifuata nyingine kwa umbali uleule kupanda na kushuka. Juu ya daraja linaloelea, ukiuvuta uzi mmoja kwa kidole ili sauti ipande, daraja zima huinama kidogo kuelekea shingoni, na uzi wa pili ambao hukuugusa hushuka. Zile sauti mbili zilizokuwa zimepatana huanza kukwaruzana.

Kijana amesikiliza kwa adabu. "Mzee, la kiganja silipingi. Lakini hilo ni la rithimu. Mimi napiga solo, na nataka gitaa liimbe."

Anamtaja Hank Marvin wa The Shadows, bendi ya Uingereza. Mwaka 1959 mwimbaji Cliff Richard aliagiza gitaa jekundu aina ya Stratocaster kutoka Marekani kwa ajili ya Marvin, na mwaka uliofuata "Apache" ikashika namba moja Uingereza. Mkono wa tremolo ulimwezesha Marvin kuuacha mwisho wa sauti ukitetemeka taratibu, na wapigaji wengi duniani wakaiga. Kijana anakumbusha pia kwamba aliyeunda gitaa hilo hakuwalazimisha watu. Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, alianza na gitaa la daraja lililokazwa, ambalo tangu 1951 linaitwa Telecaster. Mwaka 1954 akatoa Stratocaster yenye tremolo kwa dola 249.50, na ileile isiyo na tremolo kwa dola 229.50. "Dola 20 za tofauti," anasema Kijana. "Tangu mwanzo mnunuzi alipewa hiari. Kwa nini sisi tuambiwe tremolo si yetu?"

"Hakuna aliyesema si yenu," Fundi anajibu. "Lakini ukitaja historia, itaje yote. Fundi Paul Bigsby aliunda tremolo yake kwa sababu mpigaji gitaa Merle Travis alimletea iliyokuwa imeundwa na Doc Kauffman, akilalamika kwamba haikai kwenye tuni. Akaombwa aitengeneze, akaona heri aunde mpya. Malalamiko ya Mzee yana umri mkubwa kuliko Stratocaster."

Mwimbaji, aliyekuwa kimya, anaingilia, na kwa muda, wote wanamsikiliza yeye.

"Ninyi mnazungumza chuma. Mimi nizungumze koo. Juma Bhalo aliimba Kiswahili kwa mahadhi ya Kihindi, na mtu akimsikiliza vizuri atagundua kwamba sauti yake hairuki ngazi kwa ngazi. Inateleza. Mzee Zein l'Abdin akipiga udi, ni vivyo hivyo, kwa sababu shingo ya udi ni laini, haina vyuma vya kugawa sauti. Gitaa lina vyuma. Kati ya chuma na chuma kuna sauti ninazoziimba mimi ambazo gitaa halinazo. Hata filamu za Kihindi za zamani zilitumia sana gitaa la Hawaii, lile la kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, maana walitaka chombo kitakachomfuata mwimbaji. Kwa hiyo huyu mwanangu akiniambia mkono wa tremolo unamsaidia kuteleza, namwelewa."

Kijana anatabasamu. Hajamaliza kutabasamu, Mwimbaji anamgeukia.

"Ila usiubonyeze kila mwisho wa mstari. Nikiwa naimba beti kumi na wewe ukanitetemeshea beti zote kumi, wageni watakuwa wanausikiliza mkono wako, si maneno yangu."

Mzee anaona mwanya. Kuteleza, anasema, hakuhitaji tremolo. Nyuzi nyembamba za kipimo cha 9 huvuta kwa kilo 38 hivi tu, na kidole chenye mazoezi kinaupandisha uzi sauti nzima bila taabu. Anayetaka kushuka auvute uzi kabla ya kuuchuna, kisha auachie polepole. Kijana anakubali, lakini anaeleza mpaka wa ujanja huo: kidole kinashusha uzi mmoja au nyuzi mbili, na hakiwezi kwenda chini ya sauti ambayo uzi umetiwa. Kodi nzima ya sauti sita kuzama kwa pamoja na kuibuka tena ni kazi ya tremolo peke yake. Kwenye hili, Kijana ana haki kabisa. Hakuna mbinu ya kidole inayofanya hivyo kwenye daraja lililokazwa.

Lakini jukwaa lina dharura zake. Uzi ukikatika katikati ya wimbo, mwenye daraja lililokazwa hubaki na nyuzi tano zilizo kwenye tuni, na wimbo huisha salama. Kwenye tremolo inayoelea, uzi mmoja ukiondoka, springi hushinda, daraja hulala nyuma, na nyuzi tano zilizobaki hupanda zote, kila moja kwa kiasi chake. Mpigaji anakuwa hana gitaa mpaka afunge uzi mpya.

"Ndiyo maana wenzetu huja na gitaa la pili," anasema Kijana.

"La pili?" Mzee anauliza. "Vijana wangapi hapa Bongwe wana hilo la kwanza?"

Mwimbaji anaongeza dharura nyingine, anayoifahamu kuliko wote. Harusi ya Msambweni inaweza kuendelea hadi usiku wa manane, na koo huchoka. Akiomba nyimbo zilizobaki zishushwe nusu sauti, mwenye daraja lililokazwa hulegeza nyuzi sita mara moja na kuendelea. Mwenye tremolo inayoelea hulegeza uzi wa kwanza, na nyingine tano zikapanda. Hulegeza wa pili, na wa kwanza ukahama tena. Hulizunguka gitaa lake mara tatu au nne wageni wakimtazama. Mwenye tremolo ya Floyd Rose ana shida zaidi. Floyd Rose alipata hataza yake mwaka 1979 kwa kuzibana nyuzi ncha zote mbili, darajani na mwanzo wa shingo, na kwa njia hiyo alilitatua kweli tatizo la tuni kwa wanaopiga roki kali. Ila kuhamisha tuni ya gitaa hilo kunataka vibano vifunguliwe kwa spana ndogo ya pembe sita na springi zirekebishwe upya. Hata kubadilisha uzi kunaanza kwa kukikata kile kijipete cha mwisho wake ndipo uingie kwenye kibano.

Fundi sasa anachukua gitaa moja kati ya yaliyoletwa kwake, analigeuza na kufungua kifuniko cha plastiki mgongoni. Ndani ya shimo mna springi tano, na katikati ya kila moja mmeota unga wa rangi ya kahawia. Anaupangusa kwa kidole na kuuonyesha. "Huu ni upepo wa kusi," anasema. "Unatoka baharini na kuja moja kwa moja, na chumvi yake haibishi hodi." Kisha anaelekeza bisibisi kwenye zile skrubu sita za mbele. Bamba la daraja limechongwa likawa jembamba pale linapozigusa, ili liinamie bila msuguano. Kwenye gitaa hili ukingo huo umelika na kutu, umekuwa na vijino. Daraja likiinama na kurudi, leo linasimama hapa, kesho linasimama pale. Tofauti hiyo ya mahali ndiyo inayosikika.

Hata hivyo Fundi hataki tremolo isingiziwe. Mara nyingi anayekuja akilaumu springi, kosa linapatikana kwenye kile kijiti cha plastiki au mfupa kinachopitisha nyuzi mwanzo wa shingo. Mifereji yake ikiwa myembamba mno, uzi hunasa humo na haurudi. Dawa yake ni kuipanua mifereji kidogo kwa tupa laini na kuipaka unga wa risasi ya penseli. Tone la mafuta mepesi pale daraja linapoinamia, kitambaa kikavu juu ya nyuzi kila baada ya onyesho, na gitaa kulala ndani ya mfuko wake badala ya kuning'inia ukutani penye madirisha wazi: mtu akifuata hayo, tremolo ya kawaida hudumu hata Diani. Na daraja lililokazwa halina kinga ya chumvi. Vile viskrubu vya kurekebisha urefu wa kila uzi hushika kutu vikagoma kuzunguka. Tofauti ni kwamba vikigoma, gitaa bado linapigika.

Ubishi wa namna hii mara nyingi huishia kwenye sauti. Wapo wanaoapa kwamba daraja lililokazwa hutoa sauti nene na ndefu kuliko tremolo, na wapo wanaozipenda springi kwa kuwa nazo huitikia kwa mbali. Tofauti ipo, lakini ndani ya ukumbi wa hoteli, penye besi, ngoma, kinanda na vijiko vinavyogonga sahani, haimwamulii mtu chochote. Kinachoamua ni nani anayelipa gitaa linapopotea tuni. Mpigaji roki anayesimama peke yake mbele, na mtu wa kumkabidhi gitaa jingine yuko pembeni, hulipa mwenyewe, tena kidogo. Kwenye bendi ya magitaa matatu yanayoitikiana, moja likihama linayavuta mawili yaliyo sahihi, na mwimbaji hajui amfuate nani. Gharama hugawanywa kwa watu ambao hawakuuchagua mkono wa tremolo. Ndiyo sababu msimamo wa Mzee una uzito mkubwa kuliko unavyodhaniwa na wanaouona ni ushamba.

Kijana hajasalimu amri. Anasema bendi za magitaa matatu zinapungua, na siku hizi hoteli inaweza kumwita mtu mmoja na kinanda chenye midundo iliyotayarishwa, kama wanavyofanya wapigaji wa muziki wa mugithi kule bara. Hapo hakuna gitaa la pili la kuharibiwa.

"Kipo kinanda," Mzee anamjibu. "Zamani bendi nzima ikihama kidogo, tulihama pamoja. Kinanda hakihami. Ukitoka kwenye tuni mbele ya kinanda, unasikika mpaka jikoni."

"Na kwa sababu kinanda kinashika kodi zote, Mzee, kazi iliyobaki ya gitaa ni kuimba. Nikikosa kuteleza, kinanda kitanifuta kabisa."

Wote wawili wamesema kweli, na hapa Fundi anatoa alichokuja nacho. Anakaza skrubu mbili zinazoshika springi mpaka daraja linalala kabisa juu ya ubao, bila ile nafasi ya milimita 3 hivi ambayo kiwanda huiacha nyuma yake ili sauti iweze pia kupanda. Sasa springi zimezizidi nyuzi nguvu kidogo. Kiganja kikilala darajani, hakuna kinachosogea. Uzi ukikatika, nyingine zinabaki zilipo. Mwimbaji akiomba nusu sauti chini, inapatikana kwa mzunguko mmoja. Mkono bado unafanya kazi ya kushusha, na kinachopotea ni kupandisha tu.

Kwa asiyeutaka mkono kabisa, anakata kipande cha mvule kilichobaki kwenye mlango, anakipiga randa kidogo kidogo mpaka kinaingia kwa kusukumwa kati ya tofali la chuma lililo chini ya daraja na ukuta wa shimo. Daraja linakuwa kama limekazwa. Eric Clapton ni miongoni mwa wanaopenda tremolo iliyozuiwa kwa mbao namna hiyo, na hilo halikumpunguzia heshima: gitaa lake jeusi aina ya Stratocaster, Blackie, liliuzwa mnadani mwaka 2004 kwa dola 959,500. Kipande hakigundishwi. Mwenye gitaa akibadilisha nia baada ya mwaka, anakichomoa kwa mkono.

Mwimbaji anaipenda ile njia ya kwanza, maana kuteleza anakokutaka yeye ni kwa kushuka. Kijana anataka kuijaribu, ingawa anaona uchungu kupoteza ule mtetemo wa Marvin unaokwenda juu na chini. Mzee bado anashikilia kwamba la kwanza liwe lililokazwa, tena la bei ndogo, na pesa inayobaki inunue nyuzi za akiba. Ushauri wake unafaa kwa anayeingia kwenye bendi kupiga rithimu au solo ya pili. Anayejua tayari kwamba atapiga peke yake na kinanda, au nyuma ya mwimbaji wa taarab, achukue tremolo ya kawaida ya skrubu sita au nguzo mbili, na ailaze. Floyd Rose isubiri mpaka liwepo gitaa la pili nyumbani.

Mabishano hayo yanaweza kupimwa dukani kabla pesa haijatoka mfukoni. Tia tuni nyuzi zote kwa programu ya simu. Ubonyeze mkono mara kadhaa na kuuachia, kisha usome tena uzi baada ya uzi. Chuna nyuzi huku kiganja kimelala darajani, ukiangalia kama sindano inahama. Mwisho, legeza uzi mnene mpaka usivute tena, na usome hizo tano zilizobaki. Likiwa ni daraja lililokazwa, zitakuwa karibu palepale. Likiwa ni tremolo inayoelea, umbali ambao zitakuwa zimepanda utakuonyesha kazi inayomsubiri fundi wako, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu kabla hujapatana bei na muuzaji.